Kufuli Lililo Ndani ya Gari: Lipi Ni Letu Kulifungua?

Hotuba kwa madereva, mafundi na waendesha bodaboda wa Busia, Malaba na Tororo

Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu ili kutusikiliza, maana twajua kwamba kwa wengi wenu abiria aliyekosekana mchana ni chakula kilichopungua jioni.

Leo hatukuja kuzungumzia magendo wala vibali vya kuvuka mpaka. Tumekuja kwa sababu ya swali ambalo mafundi wa pande zote mbili wanatuuliza: mtu akinunua gari au pikipiki, kisha akakuta kitu ndani yake kimefungwa kwa programu, je, ana haki ya kumpelekea fundi akifungue?

Kwa sura moja, swali hili si geni kwetu. Magari mengi tunayoyatumia yalitumika Japani kwanza. Betri ikitolewa, redio za baadhi yake hujifunga na kudai nambari ya siri ambayo mnunuzi wa hapa hakukabidhiwa na mtu yeyote. Tena redio za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kuanzia 76 hadi 90, ilhali yetu ni 88 hadi 108. Ndiyo maana fundi hufunga kifaa kidogo cha kupanua masafa ili mwenye gari asikie stesheni za nyumbani. Mwenye gari alilipa bei yote, hakuna aliyepunjwa, wala hakuna aliyehatarishwa. Hatuoni sababu ya kumsumbua fundi huyo.

Jambo jipya ni kwamba baadhi ya makampuni sasa huuza gari likiwa na kifaa kamili, kisha hukifunga hadi mnunuzi alipe tena. Mwaka 2022 kampuni ya BMW ilizua mjadala mkubwa kwa kutoza ada ya mwezi, katika baadhi ya nchi, ili kiti kilichokwisha kuwekwa garini kipashe joto. Mwaka 2023 ilitangaza kuachana na ada hiyo. Mercedes-Benz nayo ilitangaza nchini Marekani ada ya dola 1,200 kwa mwaka ili baadhi ya magari yake ya umeme yaongeze kasi upesi zaidi. Mwaka huo wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walionyesha jinsi huduma za kulipiwa za gari la Tesla zinavyoweza kufunguliwa bila malipo. Magari ya namna hii yatatufikia yakiwa makuukuu, kama yalivyotufikia yaliyotangulia.

Mwenye gari atasema: kiti ni changu, nyaya ni zangu, umeme ni wa betri yangu, nalipia nini? Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Lakini mwenye programu naye ana hoja. Aliiandika kwa kazi yake, akaiuza mbali na chuma, na sheria humlinda. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga za kiufundi zinazolinda kazi ya mtu. Sheria za makosa ya kompyuta, ya Uganda ya mwaka 2011 na ya Kenya ya mwaka 2018, zinakataza kuingilia mfumo bila idhini. Wamarekani walijaribu kupima hoja hizo mbili mwaka 2015: waliwaruhusu wenye magari kuvuka kufuli la programu ili kutengeneza au kubadili gari lao kihalali, lakini ruhusa hiyo haikufuta sheria za usalama wala za moshi.

Kwa hiyo tunawaomba, kabla ya kufungua kufuli lolote, mjiulize maswali matatu. Je, kitu hiki nimekwisha kukilipia? Je, nimeahidi kwa mkataba kutokigusa? Je, kufuli hili linamlinda mtu mwingine asiyekuwapo hapa kujitetea?

Tutoe mfano wa pikipiki. Jina bodaboda linasemekana kuzaliwa hapa mpakani, enzi za baiskeli zilizobeba watu kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Leo pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na hufungwa kifaa kinachoonyesha ziliko. Baadhi ya vifaa hivyo huweza hata kuzizima malipo yakikosekana. Fundi anayeambiwa, "Nitolee hiki, nakwenda ng'ambo," hafungui redio. Anafungua deni. Sheria za nchi zetu mbili kuhusu dhamana za mali zinazohamishika, ya Kenya ya mwaka 2017 na ya Uganda ya mwaka 2019, zinamtambua mkopeshaji kuwa ana haki katika chombo hicho hadi deni liishe. Na anayeumia kwanza mara nyingi si mkopeshaji. Ni mdhamini: shangazi aliyetia sahihi, au mwenzake wa stendi aliyeweka jina lake. Tena pikipiki iliyong'olewa kifaa ikiibwa, nasi tunaoitafuta tunakuwa kama vipofu.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Mkopeshaji asiyemweleza mteja masharti kwa lugha anayoielewa amekosea. Anayezima pikipiki usiku njiani ikiwa na abiria amehatarisha maisha ya watu. Mwenye malalamiko ya namna hiyo aje na mkataba wake na risiti zake kabla kifaa hakijaguswa. Akija baada ya kukivunja, kesi yake njema huwa imegeuka kuwa kesi mbaya.

Mfano wa mwisho ndio mzito kuliko yote. Tangu Februari 2004, kwa kanuni zilizoletwa na Waziri John Michuki, matatu nchini Kenya zinatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Dereva atasema gari ni lake na kifaa amekinunua mwenyewe. Ni kweli. Lakini kufuli hilo halikuwekwa kwa ajili yake. Liliwekwa kwa ajili ya abiria wa kiti cha nyuma anayetoka Busia kwenda Kisumu, na kwa ajili ya mtoto anayevuka barabara pale Bumala akitoka shuleni. Hao hawakuulizwa na fundi, na hakuna bei inayoweza kununua ruhusa yao.

Hapa tuseme na letu. Afisa anayeona kidhibiti kimechezewa, akapokea noti na kuliacha gari lipite, amelifungua kufuli lile lile. Hatuwezi kumlaumu fundi tukamficha afisa. Mkimwona, njooni mtuambie, na anayetuambia asitishwe.

Ndugu zetu mafundi, ujuzi wenu ni mali ya jamii hii. Dai kadi ya gari au mkataba wa mkopo kabla ya kushika programu. Andika jina la mteja na kazi uliyoifanya. Kataa kazi inayogusa breki, mwendo au kifaa cha deni lisilokwisha. Fundi aliye na kumbukumbu za kazi yake ana cha kuonyesha siku atakapoulizwa.

Sasa tunakaribisha maswali yenu, hata yale yatakayotugusa sisi wenyewe.