Ahadi ya Kuwarejesha Askari

(Hotuba iliyosomwa na ndugu yetu mmoja, mwenye duka, mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Gairo, mkoa wa Morogoro. Tumeombwa tuichape, nasi tunaichapa kama alivyoisoma.)



Nimetakiwa niseme machache, ilhali mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Elimu yangu ni ya chuoni, na baada ya chuo ni ya mizani. Walakini mwenye duka wa Gairo husikia mengi kuliko apendavyo. Barabara hii inayopita mlangoni mwetu kwendea Dodoma ndiyo hiyo hiyo ya Rwanda, Burundi na Kongo. Madereva wa malori husimama hapa usiku kwa ajili ya chai, kwa kuwa baridi ya Ukaguru haina huruma, na kila mmoja wao hutuachia khabari za huko atokako.

Lililonifanya nikubali kusema leo ni jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ambaye mwanawe ni askari na alikuwa amepelekwa Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mama huyo alikuwa akija dukani kila alasiri kununua kibiriti. Ndugu zangu, hapana nyumba imalizayo kibiriti kizima kwa siku moja. Alikuwa akija kusikiliza redio yangu, na kibiriti kilikuwa ni staha yake tu. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, mwaka huu ni wa uchaguzi. Katika hao wautakao urais, yupo aliyesema kuwa atawarejesha?"

Sikuwa na jawabu. Nilisikiliza kampeni za mwaka ule mpaka mwisho wake. Nilisikia maji, barabara, mbolea na ajira, lakini juu ya askari wetu walio nje sikusikia neno. Kwa hivyo nikatazama kwa majirani zetu, ambako suala hili liliwahi kuulizwa hadharani na wagombea wakalijibu, nikayatia majibu yao katika mizani.

Nitaanza na Kenya, maana huko ndiko jambo lilikokuwa wazi zaidi.

Mnakumbuka kuwa mwezi wa Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka mpaka yakaingia Somalia kuwapiga Al-Shabaab, baada ya wageni kutekwa nyara katika pwani ya Lamu na katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Rais alikuwa Bwana Mwai Kibaki, na Waziri Mkuu alikuwa Bwana Raila Odinga. Mwaka 2012 majeshi hayo yaliingizwa katika jeshi la Umoja wa Afrika lililoitwa AMISOM, na mwaka huo huo bandari ya Kismayu ikatekwa. Hapo wengi walidhani kuwa kazi imekwisha. Haikwisha. Septemba 2013 ikaja Westgate mjini Nairobi, wakafa watu 67. Tarehe 2 Aprili 2015 ikaja Chuo Kikuu cha Garissa, wakauawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Na tarehe 15 Januari 2016 ikavamiwa kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, ndani ya Somalia.

Juu ya El Adde nataka nisimame kidogo. Serikali ya Kenya haikuwaambia raia zake ni askari wangapi waliokufa siku ile. Rais wa Somalia wa wakati ule, Bwana Hassan Sheikh Mohamud, ndiye aliyesema katika televisheni kuwa ni 180 au karibu ya 200, na wakubwa wa Kenya wakaikataa hesabu hiyo bila ya kutoa yao. Mimi nikipotelewa na gunia moja la mchele nitaulizwa na mwenye mali. Sembuse watoto wa watu!

Basi uchaguzi wa 2017 ulipofika, Wakenya walikuwa na wagombea wawili wakubwa wenye rai mbili mbali mbali.

Bwana Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais, alisema kuwa askari watabaki. Hoja yake ilikuwa kwamba Al-Shabaab ndio walioanza, na kwamba adui akiachwa huko atakuja kupiganwa Nairobi na Mombasa; kwa hivyo jeshi litarudi Somalia itakapotulia. Hoja hii ina uzito, na asiyeuona uzito wake hajafikiri. Lakini ina kasoro ambayo mwenye duka huiona mara moja. Mteja akichukua unga kwa deni na kuniambia "nitakulipa mambo yakinikalia vizuri", najua kuwa sina deni bali nina sadaka. Maana siku ya kulipwa haikutajwa, na wa kuamua kama mambo yamekaa vizuri ni yeye mwenyewe. "Mpaka Somalia itulie" ni ahadi ya namna hiyo. Nani atakayetangaza kuwa imetulia? Na isipotulia katika umri wetu, itakuwaje?

Bwana Raila Odinga na muungano wake wa NASA walisema kuwa askari warejeshwe, wakaulinde mpaka wa nchi yao. Hili hakulizua kwa ajili ya kura za mwaka ule. Tangu mkutano wa Uhuru Park wa tarehe 7 Julai 2014 upande wake ulikwisha kulitaka. Hapa kuna neno lenye maana moja tu, na raia anaweza kumshika nalo. Lakini na upande huu wa mizani una upungufu wake. Kwanza, serikali iliyowapeleka askari hao mwaka 2011 ilikuwa na Waziri Mkuu, na Waziri Mkuu huyo ni yeye, naye aliitetea safari ile. Kubadili rai si aibu. Hata hivyo anayebadili rai juu ya roho za watu anadaiwa maelezo marefu kuliko yanayotosha jukwaani. Pili, mpaka wa Kenya na Somalia ni karibu kilomita 700, sehemu kubwa yake ni nyika tupu. Aliyesema wakaulinde mpaka alipaswa kusema utalindwa vipi, na nani atakayeishika Kismayu siku askari watakapoipa kisogo.

Kilichotokea mnakijua. Uchaguzi wa tarehe 8 Agosti ulibatilishwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, ukarudiwa tarehe 26 Oktoba bila ya Bwana Raila, na Bwana Uhuru akaendelea. Tarehe 9 Machi 2018 wakapeana mikono hao wawili. Mwaka 2022 Bwana Uhuru akamuunga mkono Bwana Raila dhidi ya Bwana William Ruto, na zogo la kampeni likawa la bei ya unga na madeni ya serikali. Jeshi la Umoja wa Afrika likabadilishwa jina mwaka ule, likaitwa ATMIS, na mwaka 2025 likabadilishwa tena. Bwana Raila alipofariki mwezi wa Oktoba 2025, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ya kila mja wake, askari wa Kenya walikuwa bado wako Somalia.

Uganda nayo ilipitia njia hiyo. Askari wake walikwenda Mogadishu Machi 2007. Tarehe 11 Julai 2010 mabomu yakaua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Daktari Kizza Besigye akasema kuwa akipata urais atawaondoa askari. Bwana Museveni akasema hatakimbia. Februari 2011 Bwana Museveni akatangazwa mshindi, na askari wakabaki.

Msije mkadhani kuwa ni Afrika tu. Huko Marekani mwaka 1972 Bwana George McGovern aliahidi kuyatoa majeshi Vietnam upesi akichaguliwa, akashindwa vibaya, asipate ila jimbo moja na mji mkuu. Aliyemshinda, Bwana Nixon, aliwatoa askari wa mwisho wa mapigano mwezi wa Machi 1973, miezi michache tu baadaye. Mwenye ahadi alishindwa, na askari wakarudi vile vile.

Kwa hayo mimi nimeona kuwa kumuuliza mgombea "utawarejesha au hutawarejesha?" hakutoshi. Wakenya angalau wana sheria. Katiba yao ya 2010, kifungu cha 240, inataka Bunge likubali kabla ya majeshi kupelekwa nje kwa kazi za kulinda amani. Katiba yetu, kifungu cha 44, inazungumza juu ya Rais kutangaza hali ya vita, na Bunge kuitwa katika siku 14 kulijadili tangazo hilo. Walakini askari wa kulinda amani hawaendi kwa tangazo la vita. Wanakwenda kimya kimya, na mara nyingine wanarudi katika majeneza.

Sisi tunayo yetu ya kukumbuka. Tulimtoa Idi Amin Kampala Aprili 1979, na majeshi yetu yakakaa Uganda mpaka mwaka 1981. Wazee waliomo humu wanajua gharama yake, kwa maana sukari na sabuni viliadimika nchi nzima. Desemba 2017, huko Semuliki, Kongo, waliuawa kwa usiku mmoja askari wetu wasiopungua 14, na wamo miongoni mwao watoto wa Visiwani. Aprili 2024 watatu wengine wakauawa kwa kombora. Na walipoambiwa warudi, hawakuambiwa na mgombea yeyote. Ni wakuu wa nchi za SADC waliokutana tarehe 13 Machi 2025 na kuamua. Mwisho wa Aprili misafara ikaanza kupita Rwanda na kuingia kwetu mpaka Chato.

Najua yupo ndugu atakayeniambia kuwa ulinzi ni jambo la Muungano, nasi chama chetu kina mambo ya Visiwani ya kutosha. Namjibu kuwa aende makaburini, kisha arudi aniambie kama jambo hili si la Visiwani.

Kwa hivyo mimi naomba mgombea aulizwe mambo matatu. Bunge litashauriwa kabla askari hawajaondoka, au litapewa khabari baadaye? Kazi yao itakuwa imekwisha likitokea jambo gani, na nani atakayelitangaza? Na wakifa, jamaa zao wataambiwa lini, na hesabu itatolewa kwa raia wote? Nami nasema, kwa idhini ya Mwenyekiti, kuwa wa kwanza kuulizwa awe mgombea wa chama chetu wenyewe. Hapo juzi nilisikia mwenzetu mmoja akisema kwamba chama kingoje kwanza kishike serikali. Hii ni rai mbovu. Aliye nje ya serikali ana nafasi ya kufikiri, na akishaingia atakuta karatasi zimekwisha andikwa na watu wengine.

Yule mama jirani yangu mwanawe alirudi salama, alhamdulillahi. Alimtuma aje kunisalimu, kijana mrefu, mpole, asiyependa kusema mengi. Nilimuuliza kama walielezwa watakaa muda gani walipokuwa wakiondoka. Akatikisa kichwa.

Masuala haya matatu nimeyaandika katika karatasi, nayo nimempa Katibu. Ombi langu ni kwamba yapelekwe makao makuu pamoja na kumbukumbu za mkutano huu, na majawabu yakija yachapwe katika gazeti hili hili, hata kama hayatatupendeza.

Wassalaam.