Miti Sita ya Goli

(Maneno aliyoyasema mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya kaya, na sina budi kuanza kwa kukiri. Wenzangu wa darasa watakumbuka kwamba mwaka ule uwanja wetu haukuwa na magoli, na Jumamosi tulikuwa na mechi. Mimi, kwa kuwa ndimi mwenyeji, niliwaongoza wenzangu watano usiku mpaka kaya ya kwetu, tukakata miti sita iliyonyooka kama rula. Tulishinda mbili kwa moja. Jumatatu wazee wawili wakaja kwa miguu, wakasimama chini ya mwembe. Hawakupiga kelele. Mmoja aliniuliza tu, "Mjukuu wangu, nyumba ya babu zako umeibomoa ukachezee mpira?" Baba alilipa mbuzi. Siku ya tambiko mimi sikwenda; nilisema nina mtihani.

Vijana, kaya si msitu tu. Wazee wetu Wamijikenda waliishi humo, kijiji kikiwa katikati ya miti. Humo lilizikwa fingo, kinga ya kaya. Humo kulikuwa na moro, mahali walipoketi wazee kuamua kesi na kupatanisha waliogombana. Watu walipohamia mashambani, kaya ikabaki mahali pa makaburi na maombi, ndiyo maana hata kuni kavu haziokotwi.

Waingereza waliyaelewa hayo kuliko mimi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwahimiza Wagiriama wale kiapo Kaya Fungo, wasitoe vijana wao kwenda kufanya kazi za wazungu. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishwa hadi Kisii, wakatoroka na kurudi Pwani kwa miguu. Agosti 1914 serikali ikailipua kaya yenyewe kwa baruti.

Leo kaya zina ulinzi wa sheria. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 mila zake zikawekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini askari wa msitu hulinda mti; hawezi kuketi moro. Nanyi mnazijua habari za Kilifi yetu: mzee akiota mvi huitwa mchawi, na mara nyingi nyuma ya neno hilo kuna shamba. Wazee wameuawa, wengine kwa mikono ya jamaa zao. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa kimbilio la waliofukuzwa makwao. Mjukuu anamkimbiza babu! Hilo Mwingereza hakuliweza kwa baruti.

Kwetu tumeanza kazi miaka mitatu iliyopita. Tumefyeka njia kuu iliyokuwa imezibwa na vichaka, tumeezeka upya kibanda cha moro kwa makuti, na kwa idhini ya wazee tumeokota mbegu za mbambakofi na mvule tukaotesha miche. (Wako wanaoniuliza kama muumini anaruhusiwa kuingia. Mimi huvua viatu, kama nivuavyo kwingine.)

Kesi ya kwanza ilikuwa ya kijana na baba yake mkubwa. Kijana alikuwa amempa mzee siku saba aondoke shambani. Waliketi tangu asubuhi hadi jua kuzama. Waliyosema sitayasema hapa, kwani ya moro hubaki moro. Nitasema tu kwamba walitoka kwa njia moja, kijana akiwa amebeba kigoda cha mzee. Sidai kuwa wanapendana. Mzee bado analala nyumbani kwake.

Nami nimelipa mbuzi wangu, kwa kuchelewa, kwa mtoto wa mmoja wa wazee wale wawili, kwani wenyewe wamekwisha kufa. Nimepanda miche sita. Miwili imekufa kwa ukame, nitairudia masika. Wale wenzangu watano, mmoja yuko hapa safu ya pili, namwona anacheka. Bwana, jembe lako liko tayari. Na ninyi wanafunzi mnaotaka kuja, Mwalimu Mkuu amekubali: lori litaondoka langoni Jumamosi saa moja asubuhi. Njooni na maji ya kunywa, na mapanga yaacheni nyumbani.