Maktaba ya Shule na Ujuzi wa Kupima Habari

Ujuzi wa habari ni uwezo wa mtu kutambua kwamba anahitaji habari fulani, kujua inakopatikana, kuipima kabla ya kuiamini, na kuitumia huku akimtaja aliyeitoa. Dhana hiyo ilipewa jina mwaka 1974 na Paul Zurkowski wa Marekani. Nchini Kenya imepata uzito mpya chini ya mtaala wa umilisi, unaohesabu ujuzi wa kidijitali na kujifunza namna ya kujifunza miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi.

Ujuzi huu haufundishwi kwa hotuba. Mwanafunzi wa Kakamega anayetakiwa kueleza jinsi dhahabu ilivyobadilisha maisha ya wenyeji miaka ya 1930 anaweza kunakili aya moja kutoka intaneti na kumaliza kazi bila kujifunza lolote. Mkutubi, yaani mtaalamu wa kuhudumia maktaba, humwanzisha kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake iliyo mwishoni mwa kitabu, ili asitafute "dhahabu" peke yake bali pia "ardhi", "Kavirondo", jina la kikoloni la eneo hilo, na "Rosterman", jina la mgodi uliovuma enzi hizo. Hapo hukutana na jambo zito: mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilirekebisha sheria ya ardhi ya wenyeji iliyotungwa mwaka 1930, ili ardhi yenye madini iweze kutengwa bila wenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Akiisoma taarifa ya afisa wa serikali, kisha akasikiliza masimulizi ya wazee, atalazimika kuuliza nani amesema, lini, na kwa manufaa ya nani. Maswali hayo ndiyo kiini cha ujuzi wenyewe.

Kazi ya namna hii haidai kompyuta nyingi, jambo linalosahaulika kila vifaa vipya vinapozinduliwa kwa shangwe. Inadai vitabu viwili visivyokubaliana, mtu wa kumwelekeza mwanafunzi, na muda. Shule isiyo na maktaba inaweza kuwapeleka wanafunzi kwenye maktaba ya umma mjini Kakamega.

Walimu wakuu, basi, wanaombwa kuingiza kipindi cha maktaba katika ratiba, na walimu wa masomo kutenga alama kwa mwanafunzi anayeonyesha alikozipata habari zake na sababu ya kuziamini.