Saratani Haikungoja Korona



Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kuwa korona imeenea ulimwenguni, hospitali za nchi nyingi ziliahirisha upasuaji na kusimamisha upimaji wa saratani. Uamuzi huo haukukosa sababu. Wauguzi walikuwa wachache, vifaa vya kujikinga vilikuwa haba, na mgonjwa ambaye kinga yake imedhoofishwa na dawa za saratani alikuwa hatarini zaidi. Lakini uvimbe hauahirishwi kwa tangazo.

Tena wagonjwa wenyewe walijificha. Wapo walioiogopa hospitali. Wapo walioona haya kumsumbua daktari kwa kijivimbe kisichouma, na hicho kisichouma ndicho chenye hila. Uchambuzi wa tafiti nyingi, uliotolewa Uingereza Novemba 2020, ulionyesha kuwa kuchelewesha upasuaji wa saratani kwa wiki 4 tu huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8.

Katika Afrika Mashariki madhara yalipita pia mahali ambapo wengi hawakupatazama: shuleni. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoua wanawake wengi huku, husababishwa na virusi ambavyo chanjo yake hutolewa zaidi shuleni. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018. Mwaka 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa miezi 3 hivi. Za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mtoto asiye darasani ni taabu kumfikishia sindano. Na virusi hivyo huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani, hivyo hasara ya miezi ile haijaonekana bado.

Tangu Aprili 2024 Tanzania hutoa dozi moja tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mwalimu mwenye daftari la mahudhurio ndiye ajuaye nani hakuwapo siku ya chanjo. Muuguzi mgeni hawezi kujua. Aliyekwisha kuvuka umri huo bila sindano atahitaji kupimwa akiwa mtu mzima. Kipimo chenyewe ni chepesi: muuguzi hupaka siki hafifu, na penye kasoro hugeuka peupe. Ni kazi ya dakika chache zahanati, ila foleni yaweza kula asubuhi nzima, na mama mwenye kazi ya ofisini hataipanga mpaka mkuu wake amtilie sahihi ruhusa ya nusu siku.