Tusimfukuze Mtoto Jikoni

(Hotuba iliyosomwa na wanakikundi katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Tumeombwa tuseme machache juu ya watoto na mapishi. Sisi si walimu wala wauguzi, ni wazazi tu kama nyinyi. Lakini tumeonja uchungu, kwa hiyo tuna la kusema.

Mwaka juzi mtoto wa mwenzetu, wa miaka mitatu, alivuta sufuria ya uji iliyokuwa juu ya mafiga. Mama alikuwa ametoka kidogo tu kuchukua kuni. Sisi majirani tulifika mbio, na kwa kutojua tukampaka dawa ya meno. Kule zahanati ikabidi ioshwe yote, mtoto akilia. Alipona, lakini vidole viwili havinyooki mpaka leo.

Baadaye tulikaa tukajiuliza. Mtoto huyu alifukuzwa jikoni kila siku: "Toka hapa! Nenda ukacheze nje!" Nani kati yetu hasemi hivyo? Lakini kumfukuza hakukumkinga. Hakuna aliyemfundisha moto ni nini, na siku alipopata nafasi aliingia peke yake. Tukakata shauri: afadhali mtoto awe jikoni tukimwona, kuliko aingie tusipomwona.

Kwanza tulitengeneza mahali. Tulichora mstari chini, hatua mbili kutoka kwenye moto. Mtoto mdogo havuki, anakaa upande wake juu ya mkeka. Mpini wa kikaango tunaugeuza ukutani. Uji na chai ya moto hatuweki sakafuni. Mafuta ya taa hatuyatii tena katika chupa ya soda, maana mtoto akiona soda hunywa. Na mama akitoka, mtoto hutoka naye, hata kama ni kwa dakika moja.

Pili, tuligawa kazi kwa umri:

1. Miaka 3 na 4: kuchambua maharagwe, kutoa njegere kwenye maganda, kukatakata majani ya sukuma wiki kwa mkono.

2. Miaka 5 na 6: kuosha mboga, kupima unga kwa kikombe, kupanga sahani.

3. Miaka 7 hadi 9: kumenya na kukata nyanya kwa kisu kidogo, mtu mzima akiwa kando yake.

4. Miaka 10 na kuendelea: kukoroga mboga, na kujaribu kusonga ugali mdogo, mzazi akiwapo.

Wote huanza kwa kunawa mikono kwa sabuni. Na kina baba mliokaa hapo nyuma, msicheke! Kazi hizi ni za wavulana pia. Kijana akienda mjini kutafuta kazi, nani atampikia?

Mtasema, "Nyinyi mna wakati wa kuchezea." Kweli, mwanzoni kazi huchelewa na maharagwe humwagika. Lakini hebu tazameni faida. Mtoto aliyekuwa akikataa mboga huila akisema, "Hii nimeosha mimi." Akipima vikombe viwili na nusu, amejifunza hesabu. Akiloweka maharagwe ya githeri usiku, anajifunza kwamba yataiva upesi na kuni hazitaisha haraka. Tunamweleza pia kwamba maji yale ya kulowekea humwagwa, na kwamba maharagwe mekundu lazima yachemke sana kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa hayajaiva huumiza tumbo. Samaki mkunje angali mbichi.

Tatu, tulijifunza la kufanya ajali ikitokea. Mtoto akiungua, mwondoeni kwenye moto, kisha mmwagilie maji safi ya baridi mahali palipoungua kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta, unga wala mavi ya ng'ombe. Msipasue malengelenge. Funikeni kwa kitambaa safi, na mwili wake uliobaki mfunikeni asishikwe na baridi. Kama kidonda kinazidi kiganja chake, au kiko usoni, mikononi, kwenye kiungo au sehemu za siri, mpelekeni kituo cha afya mara moja. Na aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe, kwa maana yanaweza kuingia mapafuni. Mpelekeni haraka.

Yule mtoto wa mwenzetu sasa ana miaka mitano. Jana alikuwa nyuma ya mstari, akichambua maharagwe kwa mkono ule ule wenye kovu. Mdogo wake alipokaribia mafiga, alimwambia, "Simama hapo. Moto unauma." Hakuna aliyemtuma.

Leo jioni mkifika nyumbani, chukueni mkaa au chaki, mchore mstari. Kisha mwiteni mtoto, mumpe kazi.