AFYA YA SAMAKI WA BAHARI YETU



Twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wavuvi hulijua na hulinyamazia. Mvuvi akifungua dema lake akamkuta tasi ana kidonda ubavuni, au changu aliyevimba jicho, humtupa baharini upesi, wala hasemi neno. Aogopa kwamba khabari ikifika mjini, wanunuzi watawakimbia samaki wote wa diko lake. Khofu hiyo si ya upuuzi, maana riziki yake ndiyo hiyo. Lakini samaki yule ni shahidi aliyefukuzwa kabla ya kuulizwa.

Hali ya maji huonekana katika mwili wa samaki: katika ngozi, mapezi, matamvua na ini lake. Uchafu, au joto lililozidi, humpunguzia nguvu, ndipo vijidudu na minyoo humshinda. Hata hivyo, samaki mmoja mwenye kidonda si msiba. Kila bahari ina wagonjwa wake, kama kila mji. Neno kubwa ni kujua kama wagonjwa wamezidi kuliko desturi. Na desturi haijulikani kwa kutazama siku moja.

Tuchukue mfano wa kisiwa cha Chumbe, kusini ya Mji Mkongwe. Mwamba wake wa upande wa magharibi umehifadhiwa tangu mwaka 1994, na wavuvi walifundishwa kuwa walinzi wake. Joto la bahari lilipozidi mwaka 1998, na tena mwaka 2016, matumbawe ya pwani hii yalipauka. Aliyeujua mwamba zamani aliweza kusema kilichobadilika. Mgeni aliyekuja baadaye angedhani kwamba ndivyo ulivyoumbwa.

Kadhalika huko Ulaya, katika Bahari ya Kaskazini, wataalamu kwa miongo mingi wamechunguza samaki bapa, mithili ya gayogayo wetu, kutafuta vidonda vya ngozi na uvimbe wa ini. Hurudi mahali pale pale, katika msimu ule ule, na huchagua samaki wa kimo kimoja. Kwa sababu samaki mzee hupata uvimbe zaidi kuliko kijana, na anayelinganisha wazee wa mwaka huu na vijana wa mwaka jana hujidanganya mwenyewe.

Hapa Unguja hatuanzi na mikono mitupu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1978, na kisiwa hiki ndicho makao yake. Na madikoni yuko bwana diko, ambaye kazi yake ni kuandika samaki walioshushwa. Rai yetu ni kwamba kando ya hesabu ya uzito na bei, iandikwe pia hesabu ya wenye vidonda. Sharti iandikwe wametazamwa wangapi, maana wagonjwa watano katika kumi, na watano katika elfu, si khabari moja. Iandikwe tarehe, mahali, aina ya samaki, urefu wake, mtego au wavu uliomvua, na kama ni kaskazi au kusi. Samaki atazamwe angali mbichi: jicho lililofifia kwa kukaa juani si ugonjwa, wala pua iliyochubuka ndani ya dema si ugonjwa. Na siku isiyo na mgonjwa nayo iandikwe.

Asiuziwe mtu samaki mwenye kidonda. Lakini, Mabwana Masheha, mlindeni mvuvi amletaye kwa bwana diko, jina lake lisitangazwe sokoni. Akiaibishwa mmoja, watanyamaza wote. Nanyi Walimu, wafundisheni watoto wa skuli kupima na kuandika bila ya kukisia.

Faida ya kazi hii hatutaiona mwaka huu, pengine wala mwaka ujao. Lakini kwa miaka mingi mabomba ya Mji Mkongwe yamemwaga maji machafu baharini. Siku kijiji kitakapotaka kusema kwamba maji yake yameharibika, mwenye malalamiko matupu ataambiwa ni maneno ya barazani. Mwenye daftari la miaka kumi atasikilizwa. Haba na haba hujaza kibaba.