MGENI SI BIDHAA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya: Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mola wetu.

Ndugu Waislamu, sisi wa Masasi na Newala hatuhitaji kufunzwa mkimbizi ni nani. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, watu walivuka Mto Ruvuma wakaja kwetu, wengi wao Wamakonde na Wamakua kama sisi. Maji ya uwanda huu ni ya shida, lakini wenyeji na wageni waliyagawana.

Leo, katika nchi za mbali, kumzuilia mhamiaji kumekuwa biashara. Huko Marekani, kampuni za GEO Group na CoreCivic hulipwa na serikali kuendesha nyumba za kuwazuilia wahamiaji. Huko Uingereza, nyumba ya Brook House iliendeshwa na kampuni ya G4S. Mwaka 2017 televisheni ya BBC ilionyesha watumishi wakiwadhulumu waliozuiliwa, na uchunguzi rasmi ukathibitisha dhuluma hizo mwaka 2023.

Tufahamu ubaya ulipo. Dola ina haki ya kujua nani aingiaye nchini mwake. Lakini mwenye kulipwa kwa sababu mtu yu kizuizini, faida yake imo katika kurefuka kwa kizuizi hicho. Na akipunguza chakula, dawa au walinzi, faida huzidi. Wala serikali haivui dhima kwa kuikodisha: amana ikikabidhiwa mwingine, aliyeipokea kwanza bado ataulizwa.

Mtume wetu alitueleza habari za mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Ikiwa hiyo ni hesabu ya paka, ya mwanadamu je? Na Sahaba walipokimbilia Uhabeshi, Makureshi walimpelekea Najashi zawadi ili awarudishe. Najashi aliwasikiliza wakimbizi, kisha akazirudisha zawadi.

Nasi tujihesabu. Mwaka 2021 watu wa Cabo Delgado walivuka tena Ruvuma wakikimbia mauaji, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likaeleza kupata taarifa kwamba zaidi ya watu 9,600 walirudishwa kwa nguvu kupitia Negomano. Na yule amwokoteshaye mgeni korosho bila ya ujira, akimtisha kuwa atamshitaki kwa wakuu, amekwisha fungua biashara ile ile mlangoni pake. Na amche Mungu, amlipe mtu haki yake leo hii.

Ewe Mola, wape amani waliofukuzwa makwao, na utusalimishe na kula jasho la mnyonge. Tunasema kauli yetu hii, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi. Amin.